Siku Mbili za Bao Huko Kapalata

Jina la Kapalata kwa watu wengi wa Kisangani ni jina la kambi ya askari. Tena ni jina zito, maana mwaka 1997 vijana wengi wa Mai-Mai walikusanywa katika kambi hiyo, na wengi wao wakafa kwa maradhi na njaa. Basi nilipowaambia majirani zangu wa Mangobo ya kuwa Jumamosi nakwenda Kapalata kushindana kucheza bao, mmoja aliniuliza kama nimekosa mahali pengine pa kwenda. Nikamjibu kwamba Kapalata wanakaa watu, na penye watu hapakosi mchezo.

Tulikuwa wanne: fundi cherehani, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mmoja auzaye sabuni sokoni, nami. Jioni nyingi sisi wanne hukaa chini ya mwembe wa fundi na kucheza mpaka macho yasione tena mashimo. Yule kijana ndiye mwenye habari hii. Alizaliwa Kisangani, lakini alilelewa Kampala na shangazi yake aliyeolewa huko, na huko akajifunza omweso, mchezo wa Waganda ulio ndugu wa bao. Bao letu alilijua upesi, ila moyo wake ulibaki katika omweso.

Tulikwenda kwa toleka, ndizo baiskeli za abiria ambazo mji wetu ulizitegemea sana wakati wa vita, mafuta yalipokuwa hayapatikani. Siku hizi piki-piki zimezishinda kwa wingi, lakini mfuko wa mwalimu haupatani na piki-piki. Yeye mwenyewe aliufunga ubao mgongoni kwa kitambaa, kama mama abebavyo mtoto, na njiani wanawake wakamcheka sana wakimwuliza mtoto ana miezi mingapi. Mvua ikatunyea tukiwa karibu kufika.

Wenyeji wetu walikuwa wazee na vijana wa mtaa ule. Walitandika mikeka chini ya paa la mabati, na washindani tulikuwa 12. Kila mmoja alileta kilo moja ya mchele kwa chakula cha wote, na mshindi wa mwisho angepewa beberu. Fedha zilikatazwa kabisa. Jambo hilo lilinifurahisha, maana nimeona mara nyingi jinsi fedha zikiwekwa kando ya ubao mchezo unavyogeuka kuwa biashara mbaya.

Kwa ajili ya wanafunzi ambao hawajapata kucheza, nieleze kidogo. Ubao una safu nne, kila safu mashimo manane, yaani mashimo 32, na kete ni 64. Kila mchezaji ana safu mbili zilizo upande wake. Katika bao la Kiswahili kete zote hazipandwi tangu mwanzo. Kila mmoja huweka sita katika shimo kubwa liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo jirani yake. 22 zilizobaki hukaa mkononi, zikiingizwa moja moja. Kipindi hicho ndicho kunamua. Kete za mkononi zikiisha huanza kipindi cha mtaji. Kete unazoziteka hazitolewi nje, kama ilivyo katika michezo mingine ya Afrika ya Magharibi. Huzipanda upande wako kuanzia kichwa cha safu, nazo hukupigania wewe. Kwa hiyo kete 64 zilizoanza mchezo ndizo zinazoumaliza. Na jambo linalowashangaza wageni ni hili: safu yako ya mbele ikiwa tupu umeshindwa papo hapo, hata kama safu ya nyuma imejaa kete.

Siku ya Jumamosi tulicheza hata jioni. Mimi nilitolewa mapema na msichana wa shule mwenye umri wa miaka 17, binti wa seremala, aliyekuwa akicheza huku anaimba kwa sauti ndogo. Fundi naye akatolewa, na mwalimu vilevile, ingawa yeye hadi leo anasema jua lilimpiga machoni. Wakabaki wanne, na katika hao alikuwamo kijana wetu. Kura ikamkutanisha na mzee mmoja anayeheshimiwa sana mtaani hapo. Mzee huyo alijifunza bao Kigoma, alikokimbilia na wazazi wake wakati wa maasi ya mwaka 1964. Yeye husema kwamba bao lilikuja Kisangani kwa njia ile ile iliyoleta lugha ya Kiswahili, pamoja na watu wa Tippu Tip, yule aliyefanywa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887. Mimi sithubutu kusema hivyo. Michezo ya mashimo imeenea Kongo nzima, na Waluba wana kisolo chao chenye mashimo saba kila safu. Nani atajua ni upi ulifika kwanza?

Kabla hawajakaa mkekani, kijana aliomba neno. Akasema, “Mzee, shikamoo. Tumeitwa kwenye mashindano ya bao. Omweso nao una safu nne, mashimo 32 na kete 64. Mimi nimecheza siku nzima kwa sheria yenu. Je, haifai nami nicheze walau mara moja kwa sheria niliyolelewa nayo?”

Mzee hakupata kujibu. Mtu mmoja, mwashi, alisimama nyuma ya watu akasema kwa sauti kuu, “Mchezo wa Waganda hautachezwa hapa!”

Watu wakanyamaza. Msomaji asiye wa Kisangani huenda asielewe kimya kile. Tangu tarehe 5 hata tarehe 10 mwezi wa Juni mwaka 2000, majeshi ya Uganda na ya Rwanda yalipigana ndani ya mji wetu kwa makombora, na sisi wenyeji, ambao ugomvi haukuwa wetu, tulikufa kwa mamia. Mnamo Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka ile. Lakini dada wa yule mwashi aliuawa na kombora akiwa anateka maji, na hakuna mahakama iwezayo kuipunguza hasira ya namna hiyo.

Kijana alisimama akitetemeka. “Yaya,” alimwambia, “mimi si askari. Siku zile nilikuwa na miaka minne, nililala chini ya kitanda na mama yangu. Nyumba yetu iliangushwa. Ndiyo sababu nilipelekwa kwa shangazi. Huko mtu wa kwanza kunifanya nicheke alikuwa babu mmoja jirani, aliyenifundisha kupanga kete.”

Mwashi hakujibu neno. Wala hakuondoka.

Wengine walitaka kijana atolewe kwa kuwa ameleta fitina. Wengine wakasema mashindano yaahirishwe. Mwalimu wetu akaanza kuwasomesha, kama ilivyo desturi yake. Akawaambia kwamba Marekani kuna mchezo wa besiboli unaochezwa mezani kwa kadi na dadu. Kila kadi ni ya mchezaji mmoja wa kweli, na namba zake hutokana na jinsi alivyocheza uwanjani mwaka fulani. Mmoja wa michezo hiyo, APBA, ulianza kuuzwa mwaka 1951, na mwingine, Strat-O-Matic, uliotungwa na Hal Richman, mwaka 1961. Watu wazima husafiri mbali siku za mwisho wa juma ili kushindana, na kwa kuwa mchezo ule una sheria nyepesi na sheria nzito, nao hupaswa kupatana kwanza watafuata zipi. “Sasa,” akasema mwalimu, “ikiwa watu wa kabila moja la mchezo hupaswa kupatana, sisi je?” Nadhani hotuba ilikuwa ndefu kuliko ilivyohitajiwa, hasa kwa watu wenye njaa, lakini ilitupa muda, na hasira ya watu ikapungua kidogo. Kisha lituma na samaki vikaletwa.

Baada ya kula mzee alimwita kijana karibu na taa. “Mwanangu, nifundishe huo wako. Siwezi kuukataa mchezo nisioujua.” Wakakaa hata usiku mwingi. Nilikuwa nimelala karibu nao, lakini usingizi haukunijia, basi nikasikiliza. Katika omweso hakuna nyumba, wala hakuna kete za kubaki mkononi. Kila mmoja hupanga kete zake 32 kama apendavyo, na mpango huo wenyewe ni nusu ya vita. Kete yako ya mwisho ikiangukia shimo la safu ya mbele lenye kete, na mashimo yote mawili ya mpinzani yaliyokabiliana nalo yana kete, unayateka yote mawili pamoja, nawe hupanda ulizoteka kuanzia pale ulipoanzia mzunguko wako. Mzee alirudia kosa moja mara nyingi: mkono wake ulikwenda wenyewe hadi kichwa cha safu, kama katika bao. “Mkono huu una miaka sitini na Kiswahili chake,” alisema, nao wakacheka wote wawili.

Jumapili baada ya Misa watu waliongezeka. Mzee akatangaza kwamba watacheza mara mbili, mara moja kwa kila sheria, na wakitoka sare, yule aliyekataza ndiye atakayechagua sheria ya mchezo wa tatu. Watu walimgeukia mwashi. Alitazama chini, akainua mabega.

Katika omweso mzee alishindwa upesi. Alilinda shimo moja lililojaa kete kana kwamba ni nyumba, na kijana akalichukua pamoja na lile la nyuma yake, akazunguka ubao hadi mzee akabaki na kete moja moja asiweze kwenda popote. Katika bao mambo yaligeuka. Mzee alinamua polepole, akaacha kijana ateke ateke, kisha katika mtaji akamfagilia safu ya mbele yote. Kijana alikuwa na kete tele nyuma, akazitazama kama mtu mwenye ghala aliyepoteza ufunguo.

Sare. Mwashi akaulizwa. Alikaa kimya muda mrefu, hata mtoto mmoja akaanza kulia na kupelekwa nje. Mwisho akasema, “Bao.” Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, “Lakini mimi sikusema ule mwingine ni mbaya.”

Mchezo wa tatu ulichukua karibu saa nzima, na mzee akashinda kwa shida. Fundi cherehani alinung'unika kwamba uamuzi haukuwa wa haki. Mimi naona ulikuwa wa haki kadiri ilivyowezekana siku ile na mahali pale. Kijana mwenyewe alimpa mzee mkono kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo. Beberu hata hivyo hakuwa wa mzee. Katika mchezo wa mwisho yule binti wa seremala alimshinda huku akiimba vilevile, na mzee akasema amefurahi, ingawa uso wake haukusema hivyo.

Wakati watu wakimsaidia binti kumkamata beberu, ambaye alikuwa amekata kamba, kijana wetu alibaki mkekani akipanga kete za omweso peke yake. Watoto wakamzunguka. Mmoja wao, wa miaka minane hivi, alichuchumaa karibu kuliko wenzake na kuuliza kila jambo. Alikuwa mwana wa mwashi. Baba yake alisimama mlangoni, akamwita mara moja. Mtoto akasema, “Naja, Papa,” asije. Mwashi alingoja. Hakumwita mara ya pili. Akaketi juu ya tofali nje, akawasha sigara, akatazama barabara mpaka sigara ikaisha.

Tuliondoka saa kumi na kufika Mangobo giza likiwa limeingia. Mwalimu alifungua kitambaa, tukakausha ubao, tukahesabu kete kama ilivyo desturi yetu baada ya safari. Zetu ni kokwa za mchikichi, tulizozisugua wenyewe mpaka zikang'aa. Zilikuwa 63. Tulizipekua nguo na mfuko, tusiione ile moja. Kijana akasema huenda anajua iliko, lakini hakusema zaidi, na kesho yake fundi akatuletea harage jeusi kuwa badala yake.