Mtoto wa Nani?

Siku ya Idd el Fitr ina saa zake. Asubuhi ni ya swala, mchana ni wa pilau, na alasiri ni ya watoto. Katika mitaa ya Arua, hasa upande wa Oli walikokaa Wanubi, wazao wa askari wa Emin Pasha, na vilevile katika Ayivu inayouzunguka mji, watoto waliovaa nguo mpya hutoka makundi makundi. Hupita nyumba hata nyumba, wakiwaamkia wakubwa na kungoja mkono wa Idd: peremende, biskuti, au sarafu. Dini ya mwenye nyumba hawaiulizi. Mlango ukiwa wazi, wao huingia.

Mwaka mmoja jamaa ya askari polisi iliyohamishiwa Ayivu kutoka Iganga ilikuwa ikisherehekea Idd yake ya kwanza ugenini. Baba alikuwa sajini, naye alikuwa zamu siku ile, maana sikukuu ya raia ni kazi ya askari. Mama alikuwa amekaa pale miezi minne, na nyumba alizozijua hazikuzidi mbili. Majirani walimsalimu vizuri, lakini kwa mbali, kama watu wamsalimuvyo mke wa polisi.

Alasiri ilipofika mama aliwaosha watoto wake watatu, akawavika, akawaambia kwamba atawasindikiza. Ndipo binti mkubwa, mwenye umri wa miaka tisa, alipotoka chumbani na kinyago cha katoni ya sabuni, kimepakwa masizi na kutobolewa matundu mawili ya macho.

Alikuwa ameona katika televisheni mambo wayafanyayo watoto wa Marekani jioni ya tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Desturi hiyo, iitwayo Halloween, ilipelekwa Marekani na wahamiaji wa Ireland na Scotland katika karne ya 19. Watoto hujigeuza mazimwi na mizuka, hubisha hodi kwa majirani na kudai vitu vitamu, la sivyo watafanya vituko. Ni mchezo, na wazazi huwafuata wadogo kwa nyuma. Huko Oman nako, ambako wasemao Kiswahili si wachache, watoto hupita milangoni wakiimba usiku wa katikati ya Ramadhani, katika sherehe iitwayo Karankasho. Kumbe watoto wa nchi nyingi wanapenda kubisha hodi.

“Mwanangu,” mama alisema, “hapa watu hawafichi uso siku ya Idd.”

“Nikivaa hiki, mama, hawataniuliza.”

Mama alinyamaza. Alikwisha kusikia kwamba shuleni wenziwe binti yake hawamwiti kwa jina. Humwita “mtoto wa polisi”, na kila asogeapo mchezo hukatika. Hakumnyang'anya kinyago.

Katika nyumba ya kwanza mzee mmoja alipokea salamu zao kwa furaha, akauliza, “Na ninyi ni watoto wa nani?” Mvulana wa miaka sita alifumbua kinywa ajibu, dada yake akamfinya. “Wa kule chini,” binti akasema kutoka ndani ya katoni. Mzee akacheka, akawapa peremende. Nyumba ya pili ikawa hivyo hivyo. Peremende walipata, lakini walitoka kama walivyoingia, bila ya mtu kuwajua.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja mjane wa Kilugbara. Yeye husali kanisani, lakini kila Idd hukaanga karanga na kuziweka tayari katika ungo kwa ajili ya watoto. Aliwatazama, kisha akamwelekea yule mwenye kinyago.

“Mjukuu wangu, siwezi kumpa mkono mtu nisiyemwona uso. Wewe ni mtoto wa nani?”

Binti hakujibu. Bibi hakumkemea, aliwakaribisha mkekani, mama naye akaketi. Akawaeleza kwamba Oktoba mwaka 1980, vita vilipoingia Arua, watu kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Yeye alikimbia usiku na watoto wanne, na katika msongamano wa njia mkono wa mmoja ukamponyoka. Mtoto alikuwa na umri wa miaka mitano. Aliokotwa na watu asiowajua, wakavuka naye mpaka hadi upande wa Aru, ambako Walugbara wako pia. Huko kila mtu mzima alimwuliza swali moja tu: Wewe ni mtoto wa nani? Naye akalijua jibu. Alitaja jina la mama yake, la baba yake, na la ukoo wake. Jina likapita kinywa hata kinywa, na siku ya tisa mtoto akarudishwa mikononi mwa mama.

“Leo ana watoto sita,” bibi alisema. “Angalinyamaza, ningekuwa naye wapi?”

Binti alivua kinyago taratibu. Masizi yalikuwa yamemshika puani. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba wao ni watoto wa sajini wa polisi, kwao ni Iganga, na akataja jina la baba yake lote.

“Basi nimekujua,” bibi alisema. “Mwambie baba yako nyumba hii haina kesi. Aje anywe chai.”

Akamchotea karanga. Binti, kwa haraka, akazikinga kwa kinyago, nazo zikapukutika zote kupitia matundu ya macho. Watoto wakaangua kicheko, bibi naye akacheka hata akafuta machozi, kisha akamchotea nyingine ndani ya upindo wa gauni. Mama akamnong'oneza binti neno alilojifunza sokoni. Binti akapokea kwa mikono miwili, akasema, “Awa'difo.” Ni shukrani ya Kilugbara.

Jioni ya pili baba alikwenda kunywa chai, amevaa kanzu badala ya sare.

Askari huhamishwa, na watoto wake huhama pamoja naye, wakiacha shule, rafiki na lugha. Mzazi hawezi kuwazuilia uhamisho, lakini anaweza kuwashika mkono siku ya sikukuu, kabla ya giza kuingia, akawapitisha milangoni mwa majirani. Wafundishwe kuamkia kwanza, kupokea kidogo bila ya kukunja uso, na kugawana na mdogo asiyeweza kutembea. Na zaidi ya yote, wajue kulijibu swali la mwenye nyumba bila ya kutazama chini. Peremende huisha siku ile ile, lakini jirani aliyelisikia jina la mtoto atamjua hata siku ya dhiki.