Tukiondoka, Utepe Ubaki

Sisi wahudumu wa afya wa kambini safari zimekaribia, na kila mmoja anamfundisha atakayemrithi. Kuachia kazi yenye posho huku nyumbani wanaitegemea si mchezo. Wapo wanaoficha ujuzi ili wakumbukwe. Lakini mtoto atakayepimwa vibaya ni wa jirani yetu.

Basi tunawaonyesha yote: utepe katikati ya mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko, bila kukaza. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 akiwa chini ya sentimita 11.5, kliniki siku hiyohiyo. Miguu yote miwili ikibonyezwa ikabaki na shimo, vilevile.

Utepe watapewa na ofisi. Imani ya akina mama wataipata tukiwapitisha mlango kwa mlango. Wapokeeni jamani.