Peremende Tatu Juu ya Sanduku

Mhariri ameniomba niandike habari za siku zangu za bwenini, nami nimechagua habari ya peremende. Ndugu wanafunzi, msicheke: peremende zilinifunza jambo ambalo darasani sikulisikia.

Mwaka 1994, nilipokuwa darasa la pili la sekondari, alikuja bwenini kwetu mvulana kutoka kusini mwa Sudani, kwao kukiwa na vita. Kiingereza alijua kidogo, na Kiswahili hakukijua kabisa. Jumamosi moja nilinunua peremende katika duka la shule nikawagawia wenzangu kitanda kwa kitanda. Nilipofika kwake nikampita. Naye alikwisha kunyosha mkono! Akaurudisha polepole. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka.

Karibu na mwisho wa muhula tulionyeshwa ukumbini sinema iitwayo E.T., aliyoitengeneza Steven Spielberg huko Marekani mwaka 1982. Ni habari ya kiumbe mdogo kutoka nyota za mbali, aliyeachwa duniani na wenziwe. Mtoto aitwaye Elliott anamwona, na kila mmoja anamwogopa mwenziwe. Lugha moja hawana. Basi Elliott anamtupia peremende msituni. Usiku kiumbe yule anakuja mpaka alipo mtoto, na zile alizookota anazidondosha juu ya blanketi lake. Ndipo Elliott anapozipanga moja moja mpaka nyumbani kwao, na mgeni anazifuata.

Peremende zile ni Reese's Pieces, vidonge vidogo vya rangi ya manjano, ya machungwa na ya kahawia, na ndani yake mna njugu zilizosagwa. Zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1978, wala hazikuwa na sifa kubwa. Watengenezaji wa sinema walitaka kwanza M&M's, zilizokuwa mashuhuri tangu zamani, lakini kampuni ya Mars ilikataa. Kampuni ya Hershey ikakubali, ikaahidi kutumia dola milioni 1 kwa matangazo. Sinema ilipotoka, watu walizikimbilia madukani, na hata leo wengi wakiziona humkumbuka kiumbe yule. Mgeni alifungiwa mlango nyumba moja, baraka ikaingia ya jirani.

Habari hiyo ya Mars niliisoma miaka mingi baadaye. Lakini usiku ule ukumbini nilikwisha kujitambua: mimi ndiye niliyekataa.

Peremende za Kimarekani sikuwa nazo. Nilikuwa na tatu za duka la shule, nikaziweka juu ya sanduku la yule mvulana alipokuwa amelala. Asubuhi nikakuta moja imerudi juu ya sanduku langu. Hatukusema neno, lakini siku zile chache zilizobaki tulikwenda kuteka maji pamoja, na chakula tulikula meza moja.

Muhula uliofuata hakurudi. Sikupata kujua alikokwenda, wala sikuwahi kumwomba radhi kwa ile Jumamosi.

Wazee walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kila mwaka huja bwenini mgeni asiyejua lugha yenu. Mwenye peremende mfukoni asingoje mpaka aonyeshwe sinema.