Mita ilisema volti 12, makabati yakakataa kufunguka

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na sababu mojawapo ni aibu. Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina kisa cha kufuli za umeme nilizoziweka kwa mikono yangu mwenyewe.

Mjomba wangu ni fundi wa friji, anakaa Likoni. Pikapu yake ina makabati manne ya bati ubavuni, mawili kila upande, na humo ndimo zinamokaa zana zake zote. Ni kama yale makabati ya nje ya magari ya kulala ambayo watalii huja nayo hadi Tiwi, ila haya yalichomelewa Changamwe. Mwaka 2023 alikatiwa kufuli mchana kweupe, geji zake zikaenda. Mimi na digrii yangu nikamwambia, "Mjomba, achana na kufuli. N'takuwekea za umeme."

Kazi yenyewe si ngumu. Kila mlango unapata mota ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili. Umeme ukipita upande huu mota inasukuma komeo, ukigeuzwa inalivuta. Kisanduku chenye rilei kinakaa chini ya kiti cha dereva na kugeuza umeme kwa muda usiofika hata sekunde moja. Waya wa athi wa kisanduku nikaufunga kwa bolti kwenye sakafu ya gari. Juu ya rangi. Kumbukeni hapo.

Basi Jumamosi moja mwaka jana Mjomba akaitwa Kisauni. Muuza samaki mmoja friza zake mbili zilikuwa zimezima tangu usiku. Tukavuka feri, tukapita mjini na daraja la Nyali, tukafika saa nne. Mjomba akabonyeza rimoti. Kisanduku kikalia tik, na hakuna mlango uliofunguka. Akabonyeza tena. Tik.

"Haya msomi, fungua."

Mita yangu ilikuwa wapi? Ndani ya kabati, jamani! Nikaazima moja kwa fundi redio wa jirani. Nikapima kati ya waya wa chanya wa kisanduku na ule wa athi: volti 12.4. Nikatangaza kwa sauti ya mtaalamu kwamba umeme upo, mota zimekufa. Zote nne kwa siku moja? Hilo sikujiuliza. Nikapoteza karibu saa nzima nikigongagonga milango, huku mwenye samaki akituangalia na kumwagia barafu matenga yake. Mjomba alikuwa ameshampigia simu mtu wa greinda.

Aliyetuokoa ni fundi wa tuktuk, kijana mdogo kuniliko. Yeye hana mita. Ana balbu ya indiketa ya wati 21 iliyounganishwa nyaya mbili. Akazigusisha palepale nilipopima mimi, na balbu ikawaka kama kaa linalozimika. Akasema, "Athi hii imeoza, bro."

Nilitamani ardhi inimeze. Mita ile huvuta umeme kidogo mno, kama ampea moja ya milioni, kwa hiyo hata njia iliyoziba inaonekana nzima. Balbu inataka karibu ampea mbili. Fanyeni hesabu: kutu yenye ukinzani wa omu 1 tu, zikipita ampea 6, inakula volti 6, nusu ya betri. Rilei inaweza kulia kwa kilichobaki, lakini mota nne hazisukumi kitu. Ni sawa na seva inayojibu ping vizuri kabisa halafu inaanguka wateja wakianza kuingia. Hili la seva nalijua kazini kila siku, na bado nilidanganywa na namba!

Tukainua zulia la sakafu. Maji ya chumvi ya feri na ndoo za kuoshea gari yalikuwa yametuama pale, bolti yangu imegeuka unga mwekundu. Tukavuta waya moja kwa moja kutoka hasi ya betri hadi kwenye kisanduku. Tak! Milango yote minne.

Lakini mwenye samaki alikuwa ameshaita fundi mwingine, na huyo alikuwa ndani anafungua friza ya kwanza. Mjomba hakusema kitu mpaka tulipofika kwenye foleni ya feri, na hapo aliniomba maji tu.

Wiki iliyofuata nilikwangua rangi kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikapaka grisi, nikaongeza waya wa athi wa pili hadi kwenye betri. Pia nikapitisha nyaya za breki za baiskeli kutoka kila komeo hadi nyuma ya kiti, ili umeme ukikosekana kabisa mtu avute kwa mkono. Hilo ndilo lingefaa kuwa la kwanza kuwekwa.

Mjomba akashukuru. Kisha akaenda akanunua kufuli mbili kubwa. Sasa kabati mbili ni za umeme, mbili ni za kufuli, na geji zake mpya ziko upande wa kufuli.