Mteja Aliyeridhika Ndiye Tangazo

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Wenye maduka wengi huiegemea methali hiyo, wakakaa nyuma ya meza wakingojea bidhaa ziwaite wateja. Lakini mtu akipita leo katika mitaa ya Kilimani, Nairobi, ambapo majumba ya ghorofa yamesimama palipokuwa na nyumba za bustani, ataona ya kuwa unga wa duka hili ni ule ule wa duka la pili, na bei zapitana kwa shilingi chache tu. Sukari haina ulimi wa kumwita mnunuzi. Mwenye ulimi ni muuzaji.

Mfano mkubwa wa jambo hili hauko mbali. Jirani ya Kilimani, katika Upper Hill, yapo makao makuu ya Benki ya Equity. Ilianza mwaka 1984 huko Murang'a, ikiwa chama cha kukopesha fedha za kujengea nyumba. Mambo yakaenda vibaya, hata mwaka 1993 ikahesabiwa kuwa imefilisika, kwa maana zaidi ya nusu ya mikopo yake ilikuwa hailipwi sawasawa. Akiba ya watu wadogo ilikuwa hatarini kupotea.

Wakati huo benki kubwa zilimtaka mteja aweke fedha nyingi ndipo afunguliwe hesabu, na katika miaka ile ya 1990 baadhi yao zilifunga matawi ya mashambani. Mkulima mwenye matope viatuni alijiona hana ruhusa ya kuingia mlangoni. Equity, ambayo James Mwangi alijiunga nayo mwaka 1993, ilimkaribisha mtu huyo huyo. Ilipokea akiba yake ndogo, ikapeleka huduma kwa magari hadi vijijini, ikawasikiliza wateja waliochoshwa na ada nyingi. Mkulima aliyeheshimiwa alimwambia jirani yake sokoni, naye jirani akaja na ndugu zake. Mwaka 2004 chama kile kikawa benki kamili, na mwaka 2006 hisa zake zikaingia katika soko la hisa la Nairobi.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kutabasamu kunatosha. Huduma njema ina gharama. Kwanza, mizani iwe ya haki hata kwa mtoto aliyetumwa. Pili, kitu kisipokuwapo mteja aambiwe kweli, na aelekezwe kinapopatikana, ijapokuwa ni kwa mshindani. Tatu, anayerudisha maziwa yaliyoharibika apewe mengine bila kugombezwa. Hapo mwenye duka atapata hasara ya pakiti moja, lakini akimfukuza mtu huyo, habari zitaenea kwa simu katika ghorofa nzima kabla ya jua kuchwa.

Wala adabu haiwezi kuponya bidhaa mbovu. Chema chajiuza, naam, lakini mara ya kwanza tu hupimwa kwa macho. Mara ya pili mnunuzi hukumbuka jinsi alivyojibiwa. Mfanya biashara mdogo asiyeweza kulipia matangazo na aanze na mteja wa kwanza atakayeingia kesho asubuhi: amwamkie, amhudumie kwa haraka, na amrudishie chenji yake kamili.