Kawia Ufike

Nataka kuwaeleza habari za daftari moja nililoonyeshwa hapa Tabora mwaka 2020.

Mwakumbuka ya kuwa tarehe 16 Machi mwaka ule ilitangazwa habari ya mgonjwa wa kwanza wa korona katika nchi yetu, na kesho yake Serikali ikaamuru shule zifungwe kwa siku 30. Tukawaaga watoto. Siku 30 zikapita, shule zisifunguliwe.

Katika kidato cha tatu nilikuwa na msichana mmoja atokaye upande wa Kwihara. Hakuwa mjinga, walakini aliogopa kosa kama mtu aogopavyo nyoka. Akikosa hesabu, huchana ukurasa. Akiulizwa swali, huinamisha uso. Nami nakiri kwamba niliilisha hofu ile, maana nilizoea kusoma alama za kila mmoja kwa sauti mbele ya wenzake.

Mwezi wa Mei nilipanda baiskeli kwenda kuwatazama wanafunzi wa upande ule. Nikamkuta uani, anamenya karanga pamoja na mama yake. Baba yake alikuwa Urambo katika kazi ya tumbaku. Mama akaniuliza, "Mwalimu, shule itafunguliwa lini? Maana watu wameanza kuja kuuliza habari za binti." Nikafahamu kuwa ni habari ya posa. Nikasema, "Mama, siku siijui. Nakuomba mngoje." Hata mimi mwenyewe niliona kwamba jibu langu ni jepesi.

Katika kurudi nikapita penye tembe la Kwihara, ambalo sasa ni nyumba ya makumbusho. Humo, mwaka 1872, Livingstone aliagana na Stanley mwezi wa Machi, akakaa hata Agosti akingoja wapagazi kutoka pwani. Ndivyo ilivyokuwa njia ile ya Bagamoyo: misafara ilitua hapa Unyanyembe, pengine kwa miezi, na ndui ilisafiri pamoja nayo. Wazee wetu Wanyamwezi, waliobeba pembe na majora ya nguo mabegani, walijua kwamba kungoja nako ni sehemu ya safari, mradi mtu asiutupe mzigo wake. Nikajiuliza, Je, wanafunzi wangu wameutua mzigo, au wameutupa?

Shule zilifunguliwa Jumatatu, tarehe 29 Juni. Yule binti hakuja. Siku ya pili hakuja, wala ya tatu. Moyoni nikamtoa katika idadi ya wanafunzi wangu. Hata siku ya nne, kabla ya kengele, nikasikia mlangoni, "Shikamoo, Mwalimu." Akanipa daftari kwa mikono miwili.

Nikalifungua. Kila jioni, baada ya kazi za nyumbani, alifanya hesabu tatu za kitabu alichoazima kwa jirani. Kurasa zilijaa makosa, wala hakuchana hata moja. Kando ya kila kosa aliandika tarehe, na mbele yake aliirudia hesabu ile mara mbili, mara nne, mpaka ikakaa sawa. Hesabu moja aliyoianza tarehe 3 Mei ilipata jibu lake tarehe 19 Juni.

Nikamwuliza, "Mbona safari hii hukuchana?"

Akajibu, "Hapakuwa na mtu wa kunicheka, Mwalimu. Tena daftari lilikuwa hilo moja tu. Ningelichana, ningeandika wapi?"

Nikacheka, kisha nikaona haya. Nikauliza tena, "Na wale waliokuja kwa mama?"

"Mama aliwaambia wangoje, nimalize shule kwanza."

Basi, neno lile nililoliona jepesi, mama yule alilibeba hata likafika. Mwaka 2021 binti alifanya mtihani wa kidato cha nne akafaulu; si kwa sifa kubwa, lakini alifaulu.

Tangu siku ile sisomi tena alama kwa sauti. Kila mtoto humrudishia daftari lake mkononi, nikamwambia asichane ukurasa. Walimu wenzangu, maradhi yale yalitunyang'anya mengi, na wengine yaliwanyang'anya wapenzi wao. Mimi yalinifunza jambo ambalo chuo cha ualimu hakikunifunza: mtoto akiwa na nafasi ya kukosa pasipo aibu, hujifundisha mwenyewe. Tusiwaharakishe kwa kicheko. Kawia ufike.