Shangazi Apanda Ndege

Tangu meli ya MV Bukoba ilipozama ziwani Mei 1996, shangazi yangu hakutaka tena kusikia habari ya safari isiyo ya nchi kavu. Lakini miadi yake ya macho ilikuwa Dar es Salaam, na mgongo wake wa miaka 72 usingestahimili basi la kutoka Mwanza. Ikabidi tupande ndege, sote kwa mara ya kwanza. Usingizi ukamruka kabisa.

Daktari anayemtibu siku zote akamwandikia diazepamu ya miligramu 2: kidonge usiku wa kuamkia safari, kingine asubuhi, na akiba kidogo ya kurudi nayo. Kwanza aliuliza, "Mama, unatumia dawa gani nyingine?" Shangazi akatoa mkobani omeprazoli ya vidonda vya tumbo. Daktari akakunja uso. Omeprazoli huchelewesha ini kuivunja diazepamu, kwa hiyo diazepamu hubaki nyingi zaidi kwenye damu. Isitoshe, kuna umri: kijana wa miaka 20 hupunguza nusu ya diazepamu mwilini kwa saa 20 hivi, lakini mzee wa miaka 80 huhitaji kama saa 90. Na ini likishaivunja hutokea desimethildiazepamu, nayo hutuliza, nayo hukawia kutoka zaidi kuliko diazepamu yenyewe. "Msiongeze hata nusu kidonge," akasema, akinitazama mimi.

Asubuhi ile shangazi alimeza kidonge kwa chai ya rangi tu. Chapati nilizifunga kwenye mfuko, kwa kuwa chakula chenye mafuta husogeza kilele cha dawa kwenye damu, kutoka muda wa saa moja au moja na nusu hadi kama saa mbili na nusu, na ndege haitungoji. Tulipokuwa foleni ya ukaguzi vidole vyake vilikuwa vikisokota pindo la kanga bila kupumzika. Ndege ilipoanza kukimbia njiani, vilikuwa vimetulia mapajani. Juu ya mawe ya ziwa akasogea dirishani. "Kumbe Nyanza ni pana hivi," akasema, na hakusema tena hadi tuliposhuka.

Jioni, Dar es Salaam, hofu ikarudi. Binamu yangu akashauri apewe kingine, akidai dawa imeshaisha mwilini. Hapo ndipo wengi huumia. Utulivu huondoka mapema kwa sababu dawa huhama kutoka kwenye damu na ubongo na kwenda kujihifadhi kwenye mafuta ya mwili, haijatoka. Ukiongeza kila hofu inapoamka, unarundika juu ya kilichopo. Nilikataa, tukagombana kidogo, shangazi akalala kwa taabu.

Kesho yake, kwa kidonge kidogo cha jana, aliyumba kwenye kizingiti cha bafu. Nikamdaka kiwiko. Mzee wa umri wake akivunjika nyonga, macho hayana maana tena. Kliniki nilitaja dawa zote kabla hawajaniuliza.

Siku ya kurudi alipanda bila kumeza kitu, mkono wake ndani ya wangu hadi mawinguni. Akiba niliirudisha kwa daktari mwenyewe. Ingebaki kabatini ingepewa jina la dawa ya usingizi, na kila mwenye mawazo pale nyumbani angeomba kimoja.